App-V kwenye maabara ya kompyuta 36: miaka minne ya kuishi nayo

Chanzo kilikuwa Java, jukwaa ambalo baadhi ya programu haziwezi kuendeshwa bila hilo. Maabara ya chuo chetu hapa Morogoro ina kompyuta 36, na ina walimu wawili ambao programu zao haziivi chungu kimoja. Mama wa uhasibu anafundishia programu ya zamani isiyotaka kusikia kitu chochote zaidi ya Java 6. Kijana wa takwimu, ya kwake inadai Java 8. Ukiridhisha hii, ile inagoma. Nilikuwa nabaki jioni na flashi mkononi, mashine moja baada ya nyingine, nang'oa na kupandikiza kufuata ratiba ya kesho yake.

Wakati huohuo App-V, teknolojia ya Microsoft ya kuendesha kila programu ikiwa imetengwa na nyingine, ilikuwa imelala ndani ya mashine hizohizo. Tangu toleo la 1607 la Windows 10, mwaka 2016, imo ndani ya Windows za Enterprise na Education. Unaiamsha kwa amri moja ya PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri), Enable-Appv, basi. Wenye Windows Pro, poleni, hamna kitu. Kompyuta za ofisi yetu ya malipo ni Pro, kwa hiyo kule bado natembea na flashi.

Wazo lake ni la nyumba ya kupanga. Kila programu inapewa chumba chake na vyombo vyake: mafaili yake, mipangilio yake ya rejista (daftari la mipangilio) ya Windows, na Java yake. Programu ya uhasibu ikiuliza Java iko wapi, App-V inaionyesha ile ya chumbani mwake, nayo inaamini hakuna nyingine duniani. Ukuta wa pili Java 8 inaendelea na shughuli zake. Uwanja, yaani Windows yenyewe, hauguswi. Siku ukimtoa mpangaji anaondoka na kila kitu chake, wala haachi misumari ukutani kama zinavyofanya programu nyingi unapozifuta.

Kazi ngumu ni kufunga kifurushi, yaani kukitayarisha chumba hicho kwa programu moja. Kifaa chake ni App-V Sequencer, na kinataka mashine safi: Windows tupu, bila antivirusi, masasisho yakiwa yamezimwa. Mimi kifurushi cha kwanza nilikifungia kwenye laptopu yangu ya kazini, kwa haraka na ubishi. Sequencer hurekodi kila kinachobadilika wakati programu inawekwa, kwa hiyo ikabeba na takataka za antivirusi iliyokuwa ikijisasisha nyuma ya pazia. Nilirudia mara tatu kabla ya kukubali yaishe na kutengeneza mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) yenye snapshoti, yaani nakala ya hali yake safi ya kurudia kila mara. Ya uhasibu ilinitesa zaidi, maana ina tabia ya kuandika mafaili ndani ya folda ilimosakinishwa, jambo ambalo App-V huzuia usipoiruhusu. Kwenye Sequencer kuna kisanduku cha kutiki kinachoruhusu programu kuandika humo. Nilikitafuta siku mbili.

Sasa tuje kwenye kutiririsha, ambako matangazo na maisha yanaachana. Ahadi ni kwamba mtumiaji akibofya, vinashuka kwanza vipande vinavyohitajika kufungulia, na vingine vinafuata vikiitwa. Ni kweli, kwa mtu mmoja. Kwangu wanabofya 36 kwa mpigo saa mbili kamili asubuhi. Kifurushi cha takwimu kina GB 1.4. Zidisha kwa 36, unapata kama GB 50, na seva yangu ilikuwa imechomekwa kwenye swichi (kiunganishi cha mtandao) ya megabiti 100 kwa sekunde. Hata swichi ingefanya kazi kwa uwezo wake wote, hiyo ni zaidi ya saa nzima, na kipindi ni saa mbili. Siku ya kwanza mama wa uhasibu, aliyekuwa akisubiri zamu yake, aliingia akakuta vidude vinazunguka kwenye skrini.

"Mwanangu, mbona hazifunguki?"

"Zinashuka, mama."

"Zinashuka kutoka wapi?"

Sikuwa na jibu la heshima. Tangu siku ile silitegemei tiririko darasani. Ijumaa maabara ikifungwa naacha mashine zimewashwa, skripti inaita Mount-AppvClientPackage kwa makundi ya mashine sita sita, kifurushi kizima kinashuka kwenye diski. Jumatatu hata seva ikizimika kwa umeme kukatika, mashine zenye UPS haziulizi kitu. Kuna pia hali ya kuacha kila kitu kwenye seva ili kuokoa diski za mashine za watumiaji, Shared Content Store. Hiyo waachie wenye seva za kutumiwa kwa mbali na umeme usiotania.

Kinachonifanya niisifu kuliko vyote ni kitu kidogo. Mwanafunzi akivuruga mipangilio, uharibifu unaandikwa pembeni kwenye eneo lake, kifurushi chenyewe hakiguswi. Narusha Repair-AppvClientPackage, programu inarudi kama ilivyotoka dukani. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kusakinisha upya, dakika arobaini ukiwa umepiga magoti chini ya meza.

Ambacho haiwezi, haiwezi. Draiva, yaani programu ndogo zinazoiunganisha Windows na vifaa, hazifungiki ndani ya kifurushi, na hilo Microsoft wanalisema wazi. Programu moja ya michoro inayofunguliwa kwa kifunguo cha USB ilibidi nisakinishe draiva yake kwa njia ya kawaida kwenye kila mashine, kisha nifunge iliyobaki. Nusu ya faida ikaishia hapo.

Umri nao. Bidhaa hii ilizaliwa kwa Softricity ikiitwa SoftGrid, Microsoft wakainunua 2006. Seva yake ya usimamizi imo kwenye MDOP, mkusanyiko wa zana za Microsoft kwa mashirika, ambayo msaada wake umewekewa ukomo wa 14 Aprili 2026. Mimi seva hiyo sikuwahi kuitumia, folda ya pamoja na skripti vinanitosha, kwa hiyo sikulia. Lakini kwa anayeanza leo ningemwambia ajaribu MSIX, mfumo mpya zaidi wa Microsoft wa kufunga programu, kwanza. Mimi nilijaribu: ya takwimu ilikubali, ya uhasibu ikagoma kwa tabia yake ileile ya kuandika nyumbani kwake.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya Windows Pro.

Kwa sasa nina vifurushi 11 kwenye folda. Cha 12 kimesimama: mkuu wa idara amerudi safari na programu mpya, na mfukoni ana kifunguo cha USB.