Timpson: kisigino kipya kutoka kwa mafundi viatu wa Uingereza

Viatu vyangu vyeusi vya ngozi vilitengenezwa katika kiwanda cha Gereza la Karanga, Moshi, na baada ya miaka mitatu ya kukanyaga lami yenye mvua ya Uingereza visigino vyake vilikuwa vimelika upande mmoja hadi misumari ikaanza kuchungulia. Nilivipeleka Timpson, kampuni ya familia iliyoanzia Manchester mwaka 1865, ambayo vibanda vyake vya kutengeneza viatu na kuchonga funguo utavikuta katika mitaa ya maduka na nje ya supamaketi nyingi za nchi hii.

Nianze na kazi yenyewe. Fundi alikipindua kiatu, akaibonyeza soli kwa kidole gumba, akaniambia kwamba soli ingali nzima na visigino pekee ndivyo vya kubadilishwa. Alivibandua vya zamani kwa koleo, akapaka gundi, akapigilia vipya, kisha akavisugua kwenye mashine hadi mpira ukalingana na ngozi, nikapitisha ukucha nisiuone mshikano. Bei haifanani hata kidogo na ya fundi wa barazani kwetu, lakini miezi minne imepita na hakuna kilicholegea.

Kuna sababu nyingine ya kuandika habari za kibanda hiki. Takriban mfanyakazi mmoja kati ya kumi wa Timpson amewahi kufungwa. Chanzo chake ni ziara ya James Timpson, wa familia yenye kampuni hii, katika Gereza la Thorn Cross mwaka 2002, ambako kijana mfungwa aliyemtembeza alimvutia kiasi cha kuahidiwa kazi siku atakapotoka. Baadaye kampuni ilifungua karakana ndani ya magereza, likiwemo la Liverpool, ili mtu ajifunze kuchonga ufunguo na kubadilisha soli kabla kifungo hakijakwisha. Wengine hutoka asubuhi kwa kibali, wakashinda dukani, na jioni wakarudi gerezani kulala.

Ninachokisifu zaidi ni namna wanavyoaminiwa. Kanuni za dukani ni mbili tu: uwe nadhifu, na fedha ziingie kwenye droo ya mauzo. Yaliyobaki huamua fundi mwenyewe; anaweza kubadilisha bei, na anaweza kutumia hadi pauni 500 kumaliza lalamiko la mteja bila kumpigia bosi simu. Fikiria mtu aliyefungwa kwa wizi, yuko peke yake kibandani kutwa nzima na droo iliyojaa fedha. Waajiri wengi wangempa ufagio kwanza, wamchunguze mwaka mzima.

Hata hivyo, mlango huu haukufunguliwa kwa kila mtu. Kampuni huchagua kwa kutazama haiba ya mtu zaidi ya vyeti vyake, na waliotiwa hatiani kwa makosa ya kujamiiana haiwachukui. Duka linalopokea wateja ana kwa ana lina haki ya kuwa na mipaka, ila inamaanisha kwamba wapo wengi ambao mpango huu, pamoja na uzuri wake, hautawafikia kamwe. James Timpson mwenyewe aliteuliwa kuwa waziri wa magereza Julai 2024, kwa hiyo sasa suala hilo liko mezani kwake kwa upana zaidi.

Nyumbani ujuzi hatukuukosa, na viatu vyangu ni ushahidi. Jirani yetu mmoja alijifunza kushona ngozi akiwa kifungoni, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mafundi wengi niliowajua. Alipoomba kazi katika karakana moja mjini, mazungumzo yalikwenda vizuri hadi alipoulizwa alijifunzia wapi. Aliambiwa atapigiwa simu. Leo anauza mitumba.

Fundi wa Timpson naye aliniuliza viatu vile vimetoka wapi. Kama yeye amewahi kufungwa au la, sikujua, kwa kuwa sare yao ni moja, na wala sikumuuliza. Nilimjibu kwamba vilishonwa na wafungwa wa Tanzania. Akapitisha kidole juu ya mshono wa ubavuni, taratibu, kutoka kisiginoni hadi kwenye ncha, akasema aliyeushona anaijua kazi, kisha akanikatia risiti.