Kabla ya kuuliza linakwenda kilomita ngapi, uliza betri inapozwa na nini: magari matano ya umeme kwa mpangilio wangu

Siku niliyolipia gari langu la kwanza la umeme, dashibodi ilisoma kilomita 210. Muuzaji aliliwasha mwenyewe, akaweka kidole juu ya ile namba na kusema, "Dada, si unaona mwenyewe?" Niliona, nikalipa. Siku ya tatu nilitoka nyumbani na chaji asilimia 100, jua kali, kiyoyozi kimewashwa, watoto nyuma. Nilipofika kilomita ya 96, ile namba ilikuwa imeyeyuka hadi 11. Nilizima kiyoyozi, tukashusha vioo, nikaendesha kwa mwendo wa baiskeli huku mwanangu mkubwa akinisomea namba kila inaposhuka. Tulifika na kilomita 2.

Fundi alichomeka kifaa kidogo kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akafungua programu kwenye simu yake na kunigeuzia kioo. Afya ya betri: asilimia 61. Lile gari lilikuwa limeishi kwenye joto, limelishwa chaja za kasi miaka yote, na betri yake haikuwa na kitu cha kuipoza isipokuwa upepo unaopita chini ya sakafu. Aina ya gari siitaji hapa, na muuzaji simtaji. Ninachotaka ujue ni kwamba niliuliza maswali yote isipokuwa hilo moja.

Tangu niliposimulia mkasa huo, wasomaji wananiandikia karibu kila wiki. Wengi wanauliza lipi linakwenda mbali, lipi lina kioo kikubwa, lipi lina nafasi ya mizigo. Hayo utayapata kwenye tangazo lolote, sitayarudia. Mpangilio wangu una kipimo kimoja kikubwa: betri inapozwa vipi, na ikichoka utajuaje.

Betri ya lithiamu inapenda hali ya hewa ambayo hata mtu angeipenda, nyuzi 20 na kitu. Ukiipitishia umeme mwingi kwa haraka, inapata joto kutoka ndani, kama simu inayochajiwa huku unapiga nayo video. Simu utaiweka kando ipoe. Ndani ya gari kuna mamia ya kilo za seli zilizobanana kwenye sanduku moja, na joto la katikati halina pa kwenda lisipochukuliwa. Watengenezaji wana njia tatu. Wapo wanaoachia hewa tu. Wapo wanaozungusha maji ya kupozea kama yale ya rejeta. Na wapo wanaopitisha gesi ileile ya kiyoyozi moja kwa moja kwenye sahani iliyogusana na betri. Kimojawapo cha vitu vinavyoua betri haraka ni kuiacha imejaa pomoni kwenye jua siku baada ya siku, na kwenye gari linalopozwa na hewa tu huna cha kuisaidia zaidi ya kutafuta kivuli.

1. BYD Atto 3

Nasema wazi kwamba hili ndilo ninaloendesha sasa, na BYD ndiyo kampuni ninayoipendelea. Sababu zangu zinahusu betri peke yake. BYD ilianza mwaka 1995 huko Shenzhen ikiwa kampuni ya betri. Iliziuzia kampuni za simu kama Nokia na Motorola kabla ya kugusa usukani wa gari. Mtu aliyeanza na betri halafu akaizungushia gari anafikiri tofauti na aliyekuwa na gari akalitafutia betri pa kukaa.

Atto 3 ninayoizungumzia ina betri ya kWh 60.48 (kWh ni kipimo cha umeme unaoingia ndani yake, kama lita kwa tangi la mafuta) ya aina ya LFP, yaani ya lithiamu, chuma na fosfeti, ile wanayoiita Blade, yenye seli ndefu bapa zilizopangwa kama vitabu kwenye rafu. LFP haina nikeli wala kobalti. Ni nzito kuliko aina nyingine kwa umeme uleule, lakini inavumilia joto vizuri zaidi, haishiki moto kirahisi, na kuijaza hadi asilimia 100 hakuidhuru kama zile za nikeli ambazo wenyewe wanashauri uziishie 80 kwa matumizi ya kila siku. Na inapozwa na gesi ya kiyoyozi moja kwa moja. Ukimaliza kuchaji kwa kasi mchana wa jua, inama karibu na boneti: utasikia kompresa inanguruma gari likiwa limesimama na milango imefungwa. Mara ya kwanza nilidhani limeharibika. Sasa ule mngurumo ndio unaonilaza usingizi.

Ubaya wake upo. Kipimo cha chaji cha LFP hupotea hesabu usipoijaza kabisa mara kwa mara, kwa sababu volti zake hazibadiliki sana kati ya juu na chini, kwa hiyo jizoeze kuijaza mpaka mwisho kila wiki. Na kama unanunua lililotengenezwa kwa ajili ya soko la China, mdomo wa kuchajia utakuwa wa GB/T, kiwango cha China, na maandishi ya kwenye kioo ni Kichina. Usikubali kuambiwa "adapta zipo". Ione adapta, ichomeke, uone umeme ukiingia, ndipo mzungumze bei.

2. Hyundai Kona Electric na Kia Niro EV, zenye kWh 64

Hawa ni ndugu. Betri zao zinapozwa kwa maji, mota ina nguvu, na hazili umeme mwingi. Kinachowatisha watu ni kwamba mwaka 2021 Hyundai iliita yarudi kubadilishiwa betri magari zaidi ya 80,000 duniani, mengi yakiwa Kona, kwa sababu baadhi ya seli zilikuwa na hatari ya kushika moto. Mimi naitazama habari hiyo kwa upande wa pili. Kona ya miaka hiyo iliyokwishabadilishiwa betri ni gari kuukuu lenye betri changa kuliko mwili wake, na hakuna biashara nzuri kuliko hiyo kwenye magari ya mtumba. Lakini karatasi ya kubadilishiwa lazima uione, na namba ya chasisi iliyoandikwa humo ilingane na ile iliyo kwenye gari. Hakuna karatasi, hakuna mazungumzo.

3. Tesla Model 3 yenye LFP

Upozaji wake wa maji ni wa hali ya juu, pengine kuliko wote hapa. Zile za bei ya chini, ambazo Tesla ilianza kuzitia LFP kwenye kiwanda cha Shanghai mwaka 2020, ndizo ninazozipenda kuliko zile za mbio. Nimeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu ni gari linaloishi kwa hisani ya kompyuta ya aliyelitengeneza. Kama unapoishi hakuna huduma yao rasmi, bampa lililovunjika linaweza kulilaza gari lako miezi, na fundi wako mzuri wa miaka yote huenda asiweze hata kusoma linaumwa nini.

4. BMW i3

Niliwahi kulipenda sana gari hili na bado nalipenda. Lilitengenezwa kati ya 2013 na 2022, mwili wake ni wa nyuzi za kaboni kwa hiyo haushiki kutu, na betri inapozwa na gesi ya kiyoyozi. Chukua lenye kWh 33 au 42, liache la 22. Betri imegawanyika katika moduli 8, kwa hiyo fundi anayejua kazi anaweza kubadilisha moja iliyokufa bila kugusa nyingine. Mambo mawili tu: matairi yake membamba ya 155/70 R19 ni shida kuyapata, na kompresa ya kiyoyozi ikifa vibaya humwaga chembe za chuma kwenye mabomba yaleyale yanayopoza betri. Hapo utalia. Sikiliza kompresa kabla ya kununua.

5. Nissan Leaf

Ndilo rahisi kuliko yote na ndilo utakaloonyeshwa kwanza kila uendapo. Tangu lianze kuuzwa mwishoni mwa 2010 hadi kizazi cha pili, betri yake haikuwa na upozaji wowote wa maji wala gesi. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Arizona, Marekani, walilalamika mpaka Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Kizazi cha tatu, kilichotangazwa 2025, ndicho hatimaye kilichopewa maji ya kupozea. Kwa safari fupi za mjini, penye baridi, ukichaji nyumbani polepole, linafaa. Soketi yake ya kasi kwa vizazi viwili vya kwanza ni CHAdeMO, kiwango cha Japani, na nje ya Japani chaja zake mpya ni chache.

Kuna hila moja ya Leaf nataka uishike. Pembeni mwa kipimo cha chaji kuna vistari 12 vya afya ya betri. Muuzaji atakwambia, "Vimebaki 10 kati ya 12, ni asilimia 83 hiyo." Si kweli. Kistari cha kwanza kupotea peke yake kinabeba kama asilimia 15, vinavyofuata kila kimoja sita na kidogo. Vikibaki 10, betri iko kati ya 72 na 79. Hiyo ni tofauti ya kufika na kutofika.

Ukitaka kulifanyia biashara

Wengi wanaoniandikia wanataka teksi au gari la kusambaza mizigo, wakipiga hesabu ya mafuta watakayookoa. Hesabu hiyo ni ya kweli. Gari la ukubwa wa kati hula kama kWh 15 kwa kilomita 100, halina oili ya injini ya kubadilisha, na breki zinadumu kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo. Ila anzia kwenye soketi. Teksi ya kilomita 200 kwa siku inahitaji kWh 30 kila usiku. Kwa soketi ya kawaida ya ukutani, inayotoa kama kW 2.3, yaani kWh 2.3 kila saa, hiyo ni saa 13, na ukiweka umeme unaopotea njiani ni zaidi. Utalala saa ngapi, utafanya kazi saa ngapi? Kwa chaja ya ukutani ya kW 7 ni saa nne na nusu, tano. Asiye na mahali pa kufunga chaja hiyo ataishia kwenye chaja za kasi mchana, mara mbili, mara tatu kwa siku, kwa bei ya juu na kwa joto. Hapo ndipo betri isiyopozwa inapokumaliza: Leaf la kWh 40 lilijulikana tangu 2018 kwa kupunguza kasi ya kuchaji lenyewe safari ya pili au ya tatu ya siku, kwa kuwa betri imeshapata moto. Dereva wa teksi anayesubiri saa nzima kwenye chaja anapoteza wateja.

Na usisahau bei ya kuuzia tena. Hertz, kampuni ya kukodisha magari, ilitangaza mwaka 2021 kununua Tesla 100,000. Januari 2024 ikatangaza kuuza magari ya umeme kama 20,000, ikilalamikia gharama za matengenezo, na thamani ilikuwa imeporomoka baada ya Tesla yenyewe kushusha bei za magari mapya. Kampuni yenye wahasibu wa kila aina iliumia. Mimi na wewe tununue lenye miaka mitatu au minne, pale ambapo mwenzetu ameshabeba anguko lile la kwanza. Na tukae mbali na kampuni changa: Fisker ya Marekani, iliyotengeneza magari ya umeme, ilifilisika Juni 2024, na wenye magari yake wakabaki na kioo kizuri kisicho na mtu wa kukisasisha.

Wauzaji

Hapa nina uchungu na sitauficha. Muuzaji anaweza kuijua afya ya betri, kwa sababu kifaa cha kusomea ni kidogo kama kiberiti. Anachagua kutokuonyesha. Badala yake anakuwashia dashibodi. Ile namba ya kilomita ni makisio yanayotokana na jinsi gari lilivyoendeshwa karibuni. Aliyelizungusha uwanjani polepole, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, ameipandisha kwa makusudi. Halafu bei anaipanga kwa mwaka wa gari, kana kwamba betri ya asilimia 90 na ya 61 ni bidhaa moja.

Kipimo anachoshindwa kukichezea ni hiki. Lifikishe gari kwenye chaja ya kasi likiwa na asilimia 20, lichaji hadi 80, kisha soma kWh zilizoandikwa kwenye chaja. Betri ya 60 iliyo salama itameza kama 36. Ikimeza 27, unauziwa betri ya 45 kwa bei ya 60.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shemeji yangu kuangalia gari. Nilifungua boneti, nikaona chupa ya maji ya kupozea, maji yapo hadi kwenye alama, moyo ukatulia kidogo. Nikamwomba muuzaji twende kwenye chaja, dakika 40 tu, gharama juu yetu. Akasema, "Mama, hili gari halijawahi kusumbua, betri mpya kabisa." Nikamwambia kama ni mpya basi chaja itamsemea. Akaanza kutafuta funguo, mara ziko kwa mwenzake, mara bima haimruhusu. Shemeji alinitazama, nikaifunga boneti, tukaondoka.