Pajero ya zamani au Pajero Sport? Tunalala chini ya gari, Raskazone

Wadau, karibuni. Leo tuko Raskazone, Tanga, bahari iko nyuma ya kamera, na tumekuja huku kwa makusudi: chumvi ya bahari inakula chuma cha gari. Mbele yenu kuna Mitsubishi Pajero ya kizazi cha nne, ile iliyotoka 2006 na kuachwa kutengenezwa 2021. Pembeni yake ni Pajero Sport ya kizazi cha tatu, iliyoanza 2015. Majina yasikuchanganye. Ukichukua tochi ukalala chini, utaona hizi gari hazina hata undugu wa karibu.

Pajero haina chasisi ya kujitegemea. Fremu yake imeungwa humohumo kwenye bodi, na kila tairi linapanda na kushuka kivyake. Ndiyo maana kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati, abiria wa nyuma anaweza kusinzia. Sport imekaa juu ya chasisi inayotokana na pikapu ya L200, nyuma ina ekseli nzima na springi za koili. Ikiwa tupu, mkia unarukaruka. Pakia watu watano na mizigo, inatulia.

Sasa njoo hapa, sogeza kamera kwenye tairi la nyuma la Pajero. Unaona hii mikono ya chuma inayoshika tairi? Bolti zake zinapita ndani ya bushi, yaani mipira yenye bomba la chuma katikati, na chumvi ikishaingia, bolti na bushi vinakuwa kitu kimoja. Siku unapeleka gari kupiga alaimenti, yaani kunyoosha matairi, fundi anazungusha spana, hakuna kinachosogea. Hapo ni kukata bolti kwa grainda na kununua bushi mpya. Kwa hiyo kabla hujalipa hela ya mtu, muulize fundi kitu kimoja tu: bolti hizi zinazunguka?

Halafu chukua mpini wa bisibisi, gonga ndani ya matao ya tairi na kwenye kingo chini ya milango. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na wakati mwingine vipande vinadondoka. Ukikuta chini kumepigwa rangi nyeusi mpya inayong'aa, jiulize inaficha nini. Pajero nyingi zinatoka Japani, na zile za mikoa ya theluji huko zimeshakula chumvi ya barabarani kabla hazijaionja hii ya kwetu. Chasisi ya Sport nayo inashika kutu, tusidanganyane, ila ni rahisi kuifikia, kuipiga brashi na kuichomelea. Bodi ya Pajero ikioza pale mikono inaposhika, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Injini. Pajero ya dizeli ina 4M41, lita 3.2, bloku ya chuma, inatumia cheni. Iwashe asubuhi ikiwa baridi, usikubali wakuwashie kabla hujafika. Cheni ikigonga sekunde kadhaa ndipo inyamaze, tensheni inayoikaza imechoka. Ugonjwa wake mwingine: gari imesimama, mshale wa mzunguko wa injini unapanda na kushuka wenyewe, mara inazima. Wengi wanaambiwa pampu imekufa. Anza na filta ya dizeli, kisha valvu ndogo inayopima mafuta kwenye pampu, mafundi wanaiita SCV. Inabadilishwa peke yake, ila usafi uwe wa hali ya juu; punje ya mchanga ikiingia pale, ndipo utanunua pampu kweli.

Sport ina 4N15, lita 2.4, nguvu farasi 181, torki Nm 430, na gia nane badala ya tano. Inakunywa kidogo, ingawa tangi lake ni lita 68 na la Pajero ni 88. Bloku yake ni aluminiamu, haina msamaha ikichemka. Ukiwa unapanda Mombo kwenda Lushoto na mshale wa joto ukaanza kusogea, simama hapohapo. Na kama iliyo mbele yako ina kichujio cha masizi, DPF, safari fupi za mjini, Ngamiani na kurudi tu, zitakiziba. Inahitaji barabara ndefu, ikimbie ipate joto.

Fowili zote mbili ni Super Select, mfumo wa Mitsubishi wa kuchagua tairi zipi zivute. 4H unaweza kutumia hata kwenye lami. 4HLc, inayofunga difu ya kati, ni ya tope na mchanga. Ukiiacha kwenye lami kavu unaumiza difu.

Kwa mtu wa Tanga mjini mwenye familia, nikikuta Pajero isiyo na kutu chini, naichukua leo. Ikiwa na mashaka hata kidogo, Sport. Spea za injini yake zinaingiliana na L200.

La mwisho kwa wa Sport: tairi la akiba linaning'inia chini kwa winchi ndogo. Lishushe kila miezi mitatu, safisha, paka grisi. Ukisubiri pancha ya njia ya Pangani, utakuta winchi imeganda na jeki uliyonayo haikusaidii kitu.