Oili ipi uchanganye kwenye kwadi ya mtoto kipindi hiki cha baridi Dodoma

Mwezi wa sita na wa saba hapa Dodoma asubuhi inashuka mpaka nyuzi 13 au 14 hivi, upepo juu yake, na ndo kipindi wazazi wanaanza kulia kwamba kale kakwadi ka mtoto (kapikipiki ka matairi manne) ka 49cc hakawaki, unavuta kamba mpaka bega linauma. Fundi anakwambia plagi, unanunua plagi, baada ya muda nayo imelowa na kuwa nyeusi tii. Sasa kabla hujanunua nyingine angalia kwanza oili unayochanganya na petroli, maana baridi yetu si ya theluji kama ya Finland, oili nzuri ya tu-stroki (injini kama hii inayounguza oili pamoja na petroli) haiisikii kabisa.

Ya kwanza kwangu ni semi-sinthetiki (nusu mineral nusu ya kutengenezwa kiwandani) ya tu-stroki yenye maandishi JASO FD au FC, hivyo ni viwango vya Kijapani vya oili. Geuza chupa usome nyuma, usiangalie picha ya pikipiki mbele. Hizo herufi zinahusu moshi, uchafu kwenye ekzosi na ulainishaji, na FD inasafisha injini kuliko FC. Halafu nyingi zinachanganyika haraka hata petroli ikiwa ya baridi, na zina rangi kwahiyo ukitazama galoni unajua hii imeshachanganywa. Huipati kwenye spea za bodaboda? Jaribu maduka ya pembejeo, wakulima wa zabibu wanaopulizia dawa kwa pampu za injini wanatumia oili za aina hiyohiyo.

Ya pili, mineral, yaani oili ya kawaida isiyo sinthetiki, yenye FC. Bei rafiki, moshi unaongezeka kidogo, asubuhi inakuwa nzito kidogo so itikise vizuri. Kwa mtoto anayezunguka uwanjani Jumamosi inatosha sana.

Ya tatu ni sinthetiki kamili ya mashindano. Ni nzuri lakini unalipia kitu ambacho kainjini haka hakahitaji, hela hiyo bora umnunulie mtoto helmeti ya saizi yake.

Ya nne ni ile ya injini za boti, imeandikwa TC-W3, wavuvi wa Mtera wanaijua. Injini ya boti inapozwa na maji, ya kwadi inapozwa na upepo na inachemka zaidi, kwahiyo hiyo iwe ya dharura tu.

Ya mwisho, na hapa naomba tuelewane, ni oili ya bodaboda, SAE 40 au 20W-50. Usiweke hata fundi akikuapia. Haikutengenezwa iungue pamoja na petroli, inaacha masizi, na isipochanganyika vizuri inatuama chini ya tangi, asubuhi kabureta inanyonya oili nyingi plagi inalowa, baadae inakuja petroli isiyo na oili ya kutosha na injini inanoki. Oili isiyo na lebo ya kupimiwa kwenye chupa ya maji nayo iko kundi hilohilo.

Kipimo hakibadiliki kwa sababu ya baridi. Kwadi nyingi za 49cc za Kichina ni 25 kwa 1, yaani ml 40 kwa lita moja ya petroli, ila kitabu chako kikisema tofauti fuata kitabu. Chukua sirinji ya ml 20 duka la dawa, vuta mara mbili, weka kwenye nusu ya petroli, tikisa, ndo umalizie nusu iliyobaki. Ukiwasha iache inguruma dakika mbili tatu mtoto akivaa viatu, kisha rudisha choki (ile inayobana hewa wakati wa kuwasha), maana Dodoma tuko juu kama mita 1,100, hewa yenyewe nyepesi, choki isiporudishwa plagi inalowa tena hata kama oili ni ya bei mbaya.

Kwa 25 kwa 1, chupa ya nusu lita inatosha lita 12 na nusu za petroli, hiyo ndo saizi ya kununua, ila petroli changanya ya wikiendi moja moja.