TAHADHARI: Katriji za "wino wa sumaku" zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp, msichapie cheki za mishahara

Ndugu zangu mnaoendesha biashara ndogo huku Marekani na kujichapia cheki wenyewe ofisini, nawaomba msome hii kabla ya mishahara ya wiki hii. Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa kwetu. Anauza katriji za printa za leza anazodai zina tona (unga wa wino) ya sumaku, ile ambayo boksi lake huandikwa MICR. Nilinunua kwake. Ndani mlikuwa na tona ya kawaida. Nikachapia cheki za wiki mbili bila kujua, na aliyeumia kwanza si mimi, ni mfanyakazi wangu.

Nina kampuni ya usafi wa maofisi hapa Houston, tuko watu 11. Wengi nawalipa kwa cheki kila Ijumaa. Kati yao yuko mama mmoja kutoka Goma, anafanya zamu ya usiku, mtu mkimya na mwaminifu kupita kiasi. Hana akaunti ya benki, kwa hiyo cheki yake huipeleka kwenye duka la kubadilisha cheki, anakatwa ada, anapewa taslimu. Amefanya hivyo kwa miezi mingi na cheki zangu hazijawahi kumsumbua. Ijumaa ile keshia alipitisha cheki kwenye mashine mara tatu, mashine ikakataa mara tatu. Keshia akaibakiza upande wake wa kioo, akaanza kumhoji: umeipata wapi, nani kakupa, una kitambulisho gani kingine. Akamwambia haitarudishwa mpaka wapige simu. Mama wa watu kesi yake ya hifadhi bado haijaamuliwa. Fikiria amesimama pale, foleni nyuma yake inamtazama, na anasikia neno polisi.

Akanipigia. "Mama, ile cheki ulinipatia, banasema ni ya bongo." Kwa Kiswahili cha kwao bongo ni uongo. Sauti yake siwezi kuisahau, kwa sababu hakuwa anawalalamikia wale wa dukani, alikuwa ananiuliza mimi.

Niliendesha gari hadi pale na karatasi za usajili wa kampuni, nikaongea na meneja wao, cheki ikarudishwa. Jioni hiyo hiyo nikamlipa taslimu, akasaini risiti. Nikadhani mashine yao ndiyo mbovu, maana wafanyakazi wengine walikuwa wameshapiga picha cheki zao kwa simu na pesa zikaingia bila tatizo. Hapo ndipo huyu muuzaji anapojificha, na ndiyo sababu wengi mlionunua kwake hamjagundua.

Wiki ya pili nikamlipa anayeniletea sabuni na dawa za sakafu. Yeye ana skana ndogo ya cheki mezani kwake. Skana ikaikataa, akanirudishia cheki kwa adabu na kuniomba nyingine. Sasa nikaamka. Nikachukua cheki tatu, mbili za katriji mpya na moja ya zamani niliyokuwa nimeiharibu na kuiweka kwenye faili, nikaenda tawini kwetu. Dada wa benki alizipitisha kwenye mashine yao mbele yangu. Ya zamani ilisomwa mara moja. Hizi mbili mpya, picha ilitoka safi, tarakimu zinaonekana vizuri, lakini kichwa cha sumaku hakikusikia kitu. Akaniambia, "Hapa hakuna sumaku kabisa. Mtu wa kaunta akiona hivi anaruhusiwa kudhani ni cheki ya kughushi."

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Kule kwetu tumezoea benki ikupe kitabu cha hundi, mstari wa chini umeshachapwa na mtambo wao. Huku kampuni inaruhusiwa kununua karatasi tupu yenye alama za usalama na kuchapa cheki nzima yenyewe, pamoja na mstari ule wa tarakimu za ajabu ajabu chini. Mstari huo una namba ya benki yenye tarakimu 9, namba ya akaunti, na namba ya cheki. Maumbo yake yanaitwa E-13B: tarakimu kumi na alama nne, jumla 14. Ulibuniwa miaka ya 1950 na watu wa Stanford Research Institute walipokuwa wakiitengenezea Bank of America mfumo wa kushughulikia cheki, maana cheki zilikuwa zimewalemea makarani. Wazo lao lilikuwa rahisi na zuri: tarakimu ichapwe kwa wino wenye oksidi ya chuma, halafu mashine iusome kwa sumaku, ili hata mtu akigonga muhuri juu yake au akimwagia chai, mashine bado isome.

Mashine inafanya hivi. Karatasi inapita kwanza penye sumaku inayoutia wino nguvu. Kisha inapita kwenye kichwa cha kusomea, ambacho husikia nguvu iliyobaki katika kila tarakimu. Umbo la 2 linatoa wimbi lake, la 7 lake. Viwango vya Marekani vinataka nguvu hiyo iwe kati ya asilimia 50 na 200 ya kipimo cha msingi. Shikeni hilo neno, nguvu iliyobaki, kwa sababu uongo wote wa huyu mtu umejengwa juu yake.

Anachofanya ni kutuma video. Anachana katriji, anamwaga unga mweusi kwenye karatasi nyeupe, anasogeza sumaku, unga unaruka na kushikamana nayo. "Jionee mwenyewe, hii ni ya sumaku." Mimi niliamini, na nadhani yeyote asiye fundi angeamini. Lakini tona nyingi za kawaida za printa nyeusi za leza, hasa hizi za LaserJet ambazo karibu kila ofisi inazo, tayari zina oksidi ya chuma. Katriji ina rola yenye sumaku ndani yake, na chuma hicho ndicho kinachofanya unga ushikwe na rola. Kwa hiyo tona yoyote ya aina hiyo itaruka kwenye sumaku, iwe halisi au la. Sufuria ya chuma inashika sumaku ya friji, lakini ukiibandua sumaku, sufuria haiwezi kuokota pini. Tona halisi ya cheki imewekewa chuma cha namna nyingine, kinachobaki na sumaku baada ya sumaku kuondoka. Hilo video haiwezi kulionyesha, na mimi na wewe jikoni hatuwezi kulipima.

Na kwa nini simu zilikubali? Kwa sababu simu inasoma picha tu. Tangu sheria ya Check 21 ianze kutumika tarehe 28 Oktoba 2004, benki za huku zinaweza kupelekeana picha za cheki badala ya karatasi. Mfanyakazi mwenye akaunti na simu nzuri anapita. Anayekwama ni yule anayelazimika kupeleka karatasi yenyewe kaunta, kwenye duka la kubadilisha cheki, mahali ambapo sumaku ndiyo kipimo chao cha kwanza cha kumkamata mghushi. Yaani asiye na benki, mgeni, mwenye karatasi za uhamiaji mkononi. Msiwashangae sana makeshia wakiwa wakali. Taarifa za utapeli wa cheki ambazo benki zilizipeleka kwa FinCEN, idara ya Wizara ya Fedha ya Marekani, zilifika zaidi ya 680,000 mwaka 2022, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia.

Sasa kuhusu katriji yenyewe, ili mwenye nayo aitambue. Boksi langu lilikuwa jeupe, halina jina la mtengenezaji wala namba ya toleo. Neno MICR limo kwenye stika. Niliporudi nyumbani niliibandua kwa ukucha, chini yake pana stika nyingine ya katriji ya kawaida iliyojazwa upya. Chipu ilifanya kazi vizuri, printa haikulalamika hata kidogo, na uchapaji ulikuwa mweusi na mkali. Kwa macho hakuna tofauti yoyote. Bei ilikuwa dola 58, wakati ile niliyozoea kununua ni dola 140. Nilijiambia nimepata unafuu wa watu wa nyumbani. Alitaka malipo kwa Zelle tu, ile huduma ya huku ya kutumiana pesa kwa simu kutoka akaunti hadi akaunti, na Zelle pesa ikishatoka kuirudisha ni kazi ngumu mno. Nilipomwandikia kuhusu cheki zilizokataliwa, akajibu kwamba karatasi yangu ndiyo mbaya. Nilipomtumia picha ya stika mbili, akanizuia.

Kuna jambo la pili, na hili naomba mlichukulie kwa uzito kuliko hata tona. Baada ya kuuza katriji alisema anatoa programu ya kuchapia cheki bure, "nakuwekea kila kitu, usihangaike". Akaomba picha ya cheki moja iliyoandikwa VOID, yaani batili, na saini yangu niliyoiskani kwenye karatasi nyeupe. Cheki nilimtumia. Kwenye saini mume wangu akanizuia, akasema saini ya mwenye akaunti haitoki nje ya nyumba hii. Namshukuru. Mtu akiwa na namba za akaunti yako, mpangilio wa cheki yako na saini yako safi, hahitaji kukuibia kitabu cha cheki, ameshakuwa wewe. Programu za uaminifu zinakuachia uweke saini mwenyewe kwenye kompyuta yako, au usiiweke kabisa ukasaini kwa mkono. Benki walinishauri nifunge ile akaunti na kufungua nyingine. Nimefunga, na kwa mpya nimejiunga na huduma wanayoiita Positive Pay: kila ninapotoa cheki napeleka benki orodha ya namba na kiasi, na cheki isiyolingana na orodha wananiuliza kabla ya kulipa. Ina ada ya kila mwezi. Naiona ni ndogo.

Kama umenunua kwa huyu mtu, acha kuchapa leo. Chukua cheki moja uiandike VOID, nenda tawini kwako, omba waipitishe kwenye kisomaji cha sumaku wakuambie matokeo ya sumaku, si ya picha. Sisitiza hilo, kwa sababu mashine nyingi siku hizi zinasoma yote mawili na mfanyakazi anaweza kukuambia "imesoma" kumbe imesoma picha. Fanya hivyo kila ukibadilisha katriji, hata ukinunua kwa muuzaji unayemwamini, kabla cheki ya kwanza haijatoka mkononi mwako. Ukiwa pale waonyeshe pia ule ukanda mweupe wa chini, wenye upana wa inchi 5/8 kutoka ukingoni. Hapo pasiwe na kitu kingine cha wino wa sumaku isipokuwa ule mstari, wala mapambo, wala mkia wa saini. Na sugua tarakimu kwa kidole: zikipukutika, moto wa printa haujaishikisha tona kwenye karatasi, na hilo nalo litakukwamisha siku moja hata kama tona ni halisi.

Cheki ambazo zimeshatoka na hazijalipwa, wapigie waliozipokea wenyewe, usingoje wakupigie. Zifute benki, wape nyingine, na kama mtu ametozwa ada mrudishie. Mimi nilimwandikia yule mama barua yenye nembo ya kampuni na namba yangu ya simu, meneja wa duka aiweke kwenye faili lake, ili jina lake pale lisibaki na doa.

Kuripoti kunawezekana, na haiulizwi hali yako ya uhamiaji kwanza. Mimi nimepeleka kwa FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, kupitia ReportFraud.ftc.gov, na kwa FBI kupitia ic3.gov. Pia, kwa kuwa boksi lilikuja kwa posta, nimeandika kwa wakaguzi wa posta, kwa sababu utapeli unaopitia barua ni kosa la shirikisho. Benki nao waliomba picha. Kwa hiyo msitupe boksi, stika, bahasha yenye muhuri wa posta, wala mazungumzo ya WhatsApp. Hamisheni nakala za ujumbe sasa hivi kabla hajafuta upande wake.

Jina alilotumia kwangu siliandiki, maana wiki iliyopita nimeshaliona tangazo lile lile kwenye kundi jingine chini ya jina jipya na namba mpya, bei imeshuka hadi dola 50. Video ni ile ile: karatasi nyeupe juu ya meza ya mbao, sumaku nyekundu ya umbo la kwato, na kidole gumba chenye plasta. Ukiiona popote, mwambie msimamizi wa kundi aiondoe, na mwambie aliyeanza kuulizia bei apitie hapa kwanza.