Dalali, mkaguzi na wakili: uzoefu wangu wa kuuza nyumba na kununua nyingine

Niliuza nyumba niliyoishi kwa miaka mingi huku nikinunua nyingine, kwa hiyo watu hawa nimewaona nikiwa pande zote mbili. Kila mmoja alitaka nimwamini. Nami kila mmoja nilimpima kwa swali moja: huyu analipwa na nani, na analipwa lini?

Naanza na mkaguzi wa majengo, ninayempa nyota zote tano. Dalali wa muuzaji alikuwa na mkaguzi wake, akamsifia kwamba ni wa haraka na bei nafuu. Nilitafuta wangu. Simtuhumu yule, simjui hata sura. Ila anayeletewa wateja na dalali ataona uzito kuandika ripoti ya kuvunja biashara ya dalali huyohuyo. Wangu alikuja na ngazi, tochi na kipimo cha unyevu. Chumba cha nyuma kilikuwa na dari iliyopakwa rangi juzijuzi, ilhali vyumba vingine rangi ilishafifia. Dalali akasema mwenye nyumba aliona aipendezeshe kidogo. Mkaguzi hakubishana. Alibandika kipimo pembeni mwa dari, namba zikapanda. Akapanda hadi darini, akateremka na picha: mbao nyeusi, zimelainika kiasi kwamba bisibisi inazama bila nguvu. Maji yalikuwa yakipenya pale paa linapokutana na ukuta, na si tangu jana. Nyumba sikuiacha. Ripoti ilikwenda kwa muuzaji, tukakubaliana apunguze bei kwa kiasi cha matengenezo. Ada ya mkaguzi ilikuwa ileile, ninunue nisinunue, na hilo ndilo lililompa uhuru wa kusema alichokiona.

Kasoro ni moja: ripoti imejaa lugha ya kifundi. Ilibidi nimpigie simu anieleze lipi ni la hatari na lipi linaweza kusubiri.

Upande wa kuuza, dalali wa kwanza alitaja bei ya juu mno kabla hajaona hata vyumba vyote. Bei ya namna hiyo ni chambo: unasaini mkataba, nyumba inadoda, kisha unaanza kushawishiwa ushushe. Niliyemchagua alitaja bei ya chini kuliko wenzake, lakini alikuja na orodha ya nyumba zinazofanana na yangu zilizouzwa karibuni, bei iliyoombwa na bei iliyolipwa. Hata hivyo, mnunuzi wa kwanza alipojitokeza alinihimiza nikubali upesi. Hesabu yake inaeleweka: kamisheni ikiwa asilimia 3, kila 1,000 unayoongeza kwa kusubiri inampa yeye 30 tu. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago, Marekani. Madalali walipouza nyumba zao wenyewe, walizikalisha sokoni karibu siku 10 zaidi na kupata bei ya juu kwa asilimia 3.7 hivi. Nilimwambia nasubiri. Hakununa, aliendelea kutangaza, na mnunuzi aliyefuata alitoa zaidi. Nyota nne.

Wakili nilimweka wangu, si yule wa muuzaji. Kabla sijatoa arubuni alipekua rejista ya ardhi, akakuta hati bado ina rehani ya benki ingawa muuzaji alisema mkopo umekwisha. Ulikuwa umekwisha kweli, ila rehani haikuwa imefutwa. Tulisubiri ifutwe kwanza. Tena tangu siku ya kwanza alinionya kwamba hatabadilisha namba ya akaunti kwa barua pepe. Tulipokaribia malipo ya mwisho ikaja barua pepe yenye jina lake na akaunti mpya, "haraka tafadhali". Anwani ilitofautiana na yake kwa herufi moja. Nilimpigia kwa namba aliyonipa ofisini kwake, akasema hakutuma kitu. Matapeli wa namna hii hufuatilia mawasiliano na kungoja siku ya malipo. Ada yake si ndogo, nami nimemlipa kwa moyo mweupe. Nyota tano.

Tumeshahamia. Mafundi wa paa wako kazini, na mkaguzi nimempangia arudi kulikagua kabla sijawalipa sehemu ya mwisho.