Tathmini ya Huduma ya Kurudi Kundini katika Usharika Mmoja wa Kilutheri

Huduma ninayoitathmini ni ya kuwarudisha kundini Wakristo waliotengwa na Meza ya Bwana, kama itolewavyo na usharika mmoja mkoani Kilimanjaro, ambako nilimsindikiza binamu yangu aliyekuwa akiishi na mwenzake bila ndoa ya kanisani.

Sifa ya kwanza inamwendea mzee wa kanisa wa mtaa wao, aliyewafuata nyumbani wakaketi watatu, kabla jambo halijafika katika baraza la wazee. Huo ndio utaratibu wa Mathayo 18:15-17, ambao mara nyingi nimeuona ukirukwa.

Mafundisho yaliyofuata yalikuwa ya kina. Mwinjilisti aliifafanua toba kwa mujibu wa Ungamo la Augsburg la 1530, tamko kuu la imani ya Kilutheri, ibara ya 12, kuwa ni majuto kwa ajili ya dhambi pamoja na imani inayoupokea msamaha, na matendo mema yakifuata kama matunda. Kwa hiyo mtu hatengwi ili alipishwe kosa lake, bali ili alione. Na kutengwa kunakoma anapotubu, hata kama wapo wanaoona hajaaibika vya kutosha. Paulo anawaagiza hivyohivyo Wakorintho katika waraka wa pili, sura ya 2: adhabu waliyompa yule mtu inatosha, sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni.

Kasoro kubwa niliikuta ofisini. Katibu alikataa kuandika majina ya wanaorudi mpaka malimbikizo ya ahadi, yaani sadaka ambazo mshiriki ameahidi kulitolea kanisa, yalipwe, akiisoma kadi ya bahasha inayoonyesha alichotoa mtu mwezi baada ya mwezi mbele ya watu waliokuwa foleni. Ahadi ni wajibu, sikatai. Lakini Makala za Smalkald za 1537, ambazo nazo ni maandiko ya imani ya Kilutheri, zinawakataza wachungaji kuchanganya adhabu za kidunia na adhabu ya kanisa, na deni likishakuwa sharti la kurudi, anayetubu ataamini kwamba amenunua nafasi yake. Tena waliorudi kundini Jumapili ya ibada hiyo wote walihusika na mambo ya ndoa. Wala rushwa na waliodhulumu mashamba ya yatima sikuwaona.

Ibada yenyewe iliendeshwa kwa staha. Waliungama kwa pamoja, mchungaji akawatangazia msamaha bila kutaja kosa la yeyote, nao wakashiriki Chakula cha Bwana siku hiyohiyo. Anayehitaji huduma hii aanze kwa mzee wa mtaa wake, na suala la ahadi alizungumze na mchungaji mwenyewe kabla ya kufika dirishani kwa katibu.